Tiba ya vitendo kwa mtoto na kijana: mwongozo wa mzazi wa Mombasa

Mwaka wa kwanza wa therapi ya mwanangu niliupoteza. Kila baada ya wiki mbili nilimbeba, tukatoka Mtongwe kwa matatu, tukavuka feri, tukapanda matatu nyingine hadi kliniki mjini. Benchi saa mbili, therapi dakika 40, kisha safari ya kurudi. Nyumbani nilimlisha, nikamvisha, nikamwogesha, nikingoja siku nyingine ya kliniki ifike. Nilidhani tiba iko kule, kama dawa iliyo chupani. Mpaka siku moja mtaalamu mgeni akanikabidhi shati la mwanangu na kusema, "Haya mama, mvishe wewe, mimi nitazame." Ndipo nikatambua kuwa zile dakika 40 zilikuwa zangu mimi, za kujifunza, na kwamba tiba yenyewe ni zile shughuli za nyumbani nilizokuwa nikimfanyia mbio mbio ili tumalize.

Mwanangu ana mtindio wa ubongo (cerebral palsy), hali ya ubongo inayotatiza namna mwili unavyosogea. Upande wake wa kulia ni dhaifu. Sasa ana miaka 14. Haya ninayoandika ndiyo ningependa mtu anipe alipokuwa na miaka miwili.

Kwanza jina. Hospitalini utasikia wakisema "OT", yaani occupational therapy. Kwa Kiswahili wengine husema tiba ya kazi, wengine tiba ya vitendo. Neno "kazi" huwatatiza wazazi, mtu akauliza, mtoto mchanga ana kazi gani? Anayo: kula, kucheza, kuvaa, kulala, kusoma, kuwa na wenzake. Mtaalamu wa fizio hushughulika zaidi na mwili unavyosogea, mtoto akae, asimame, atembee. Wa tiba ya vitendo huuliza: mtoto huyu anahitaji kufanya nini leo, na kinachomzuia ni nini? Kizuizi chaweza kuwa mkono, chaweza kuwa macho, kelele, kushindwa kupanga jambo kwa utaratibu, kiti kirefu kupita kiasi, au sisi wazazi tunaomfanyia kila kitu. Ndiyo maana tiba hii huwafaa watoto wa hali mbalimbali: mwenye mtindio wa ubongo, mwenye usonji (autism), mwenye Down sindromu, aliyeungua mikono, asiyetulia darasani, hata yule anayejibu maswali yote kwa mdomo lakini daftari lake halisomeki.

Hatua ya 1: Andika wiki nzima kabla ya kwenda

Nunua daftari la kurasa 48. Ligawe safu tatu: anafanya mwenyewe, anafanya nikimsaidia, namfanyia mimi. Kila jambo la siku litie mahali pake. Usiandike "hawezi kula." Andika ulichokiona: "Ashika kijiko, akifika karibu na mdomo kiganja chageuka, uji wamwagika kifuani." Sentensi hiyo moja itamfaa mtaalamu kuliko maelezo ya nusu saa, kwa sababu yamwonyesha kwamba shida iko kwenye kiganja na kifundo cha mkono, si kwenye hamu ya kula.

Chukua pia video fupi kwa simu. Watoto wengi wakifika kliniki hulia au hulala, na mtaalamu asimwone mtoto unayemjua wewe. Beba na kijitabu cha kliniki cha tangu kuzaliwa. Namna alivyozaliwa, uzito wake na kama alichelewa kulia ni habari zitakazoulizwa.

Hatua ya 2: Pa kwenda, na la kuuliza

Hospitali Kuu ya Pwani ina idara ya tiba hii, na ndiko wengi wetu tulikoanzia. Lakini kabla ya kupanga safari ya kuvuka bahari kila wiki, uliza kwanza kama hospitali ya kaunti ndogo iliyo karibu nawe ina mtaalamu. Kliniki ya karibu unayohudhuria kila mara ni bora kuliko ya mbali utakayoiacha nauli ikipanda. Ukienda kwa mtu wa binafsi, muulize leseni bila haya. Kenya ina sheria ya mwaka 2017 ya mafunzo, usajili na leseni za wataalamu hawa, na mwenye leseni hatakasirika kuulizwa. Anayekuahidi kwamba mtindio wa ubongo au usonji utaondoka kabisa baada ya vipindi kadhaa, muage uende zako.

Mambo ya gharama yaulize dirishani kabla ya kuhudumiwa, hasa tangu SHA, mamlaka mpya ya bima ya afya ya serikali, ilipochukua nafasi ya NHIF Oktoba 2024. Na mapema iwezekanavyo msajili mtoto katika Baraza la Kitaifa la Watu Wenye Ulemavu; utahitaji ripoti ya tathmini kutoka hospitali ya serikali. Najua wazazi wanaoogopa ile kadi kama kwamba ndiyo inayomfanya mtoto awe mlemavu. Nami niliogopa. Kadi ile ni ufunguo wa kuombea vifaa na misaada, basi. Kwa mambo ya shule, kuna vituo vya tathmini ya elimu ambavyo watu huviita EARC, navyo hushauri mtoto asome wapi na kwa msaada gani.

Siku ya kwanza usitoke bila majibu ya mambo matatu: lengo letu la miezi mitatu ni nini, nifanye nini nyumbani, na je, naweza kulifanya sasa hivi mbele yako unikosoe? Hilo la tatu ndilo zito. Kuonyeshwa na kufanya ni vitu viwili. Nilionyeshwa namna ya kumkalisha mara sita, na bado nilikuwa namkalisha vibaya.

Hatua ya 3: Chagua jambo moja, lipe tarehe

Mtoto anapokuwa na mengi yanayomshinda, mama hutaka yote yaanze Jumatatu. Chagua moja. Liwe jambo dogo, linaloonekana, na linalomtia mtoto raha au kumwingiza katika watu. La kwanza letu lilikuwa hili: Ramadhani ikiingia, awe anakula futari kwa kijiko chake, amekaa nasi, si mapajani mwangu. Kila mtu nyumbani alilijua, hata bibi yake. Tarehe ikawa ni mwezi kuandama.

Utafiti wa miaka hii juu ya watoto wenye mtindio wa ubongo umeonyesha jambo linalolingana na nilivyoona kwangu: mtoto huendelea zaidi akifanya tendo lenyewe, mwenyewe, mara nyingi, kuliko akinyooshwa viungo na mtu mwingine. Kukanda kwa mafuta ya nazi walikotufunza bibi zetu sikukatai. Kunamtuliza mtoto, kunamlaza, na mikono ya bibi ni mapenzi matupu. Lakini kukanda hakumfunzi mkono kushika kijiko. Kijiko ndicho kinachofunza kushika kijiko.

Hatua ya 4: Kiti kwanza

Hapa tutulie kidogo, maana wengi hupaharakia. Mtoto ambaye kiwiliwili chake kinayumba hutumia mikono kujizuia asianguke, na mikono ikishughulika na hilo haina nafasi ya kazi nyingine. Mkalishe vizuri na mikono itafunguka mbele ya macho yako.

Tazama mambo haya kwa mpangilio: makalio yarudi nyuma kabisa ya kiti. Nyonga zikunjike kama kona ya dirisha. Magoti nayo vivyo hivyo. Nyayo zikanyage kitu, zisining'inie. Kama hazifiki chini, weka kreti ya soda iliyopinduliwa au kipande cha ubao. Meza ifike kwenye viwiko. Viti vya plastiki tulivyo navyo sote huteleza, mtoto akashuka mbele kama samaki kwenye beseni. Tandika kipande cha mpira usioteleza. Akihitaji kufungwa, kunja leso (khanga) ipate upana wa kiganja chako, uipitishe juu ya nyonga, chini kabisa, uifunge nyuma ya kiti. Isipite tumboni wala kifuani, maana akiteleza itamkaba. Mtoto aliyefungwa haachwi peke yake, hata dakika moja.

Asiyeweza kukaa kwenye kiti cha kawaida humfaa kiti cha kona, chenye migongo miwili inayokutana. Kenya kumekuwa na ufundi mzuri wa kuvitengeneza kwa makatoni yaliyogandishwa tabaka juu ya tabaka kwa gundi ya unga, kisha yakakaushwa juani. Muulize mtaalamu akupimie mtoto kwanza. Na kwa unyevu wetu wa Pwani, kipake vanishi pande zote, hata chini. Chetu cha kwanza kililegea msimu wa mvua za masika.

Hatua ya 5: Kijiko, na usalama wa kumeza

Anza na chakula kinachoshika kijiko: mseto, bokoboko, viazi vilivyopondwa, uji mzito. Supu ni ya mwisho. Bakuli liwe na ukingo wa kusimama, na chini yake weka kitambaa kilicholowa maji ili lisikimbie mezani. Mpini wa kijiko uzungushie kipande cha tyubu ya baiskeli, au sponji ya godoro ukaifunge kwa utepe, upate unene wa kidole gumba chako.

Keti nyuma yake, si mbele. Mkono wako ushike wake wote mara chache za mwanzo. Ukihisi anavuta mwenyewe, rudi nyuma hadi kifundo, kisha kiwiko, kisha uguse bega tu. Vijiko vitano vya mwanzo viwe vyake, akiwa na njaa. Vilivyobaki mlishe kama kawaida asichoke.

Sasa usalama, na hapa sina mzaha. Usimlishe mtoto akiwa amelala chali wala kichwa kikiwa kimeinama nyuma. Kidevu kielekee chini kidogo. Akikohoa kila anapokula au kunywa, sauti yake ikiwa kama ina maji kooni, macho yakitoa machozi kila tonge, au akiugua kifua mara kwa mara, usiendelee na majaribio ya nyumbani. Mpeleke hospitali aangaliwe anavyomeza.

Kuna jambo moja la kwetu ambalo vitabu vya ugenini havitakuambia. Mwanangu mkono wake wenye nguvu ni wa kushoto. Mara ya kwanza alipokula mwenyewe mbele ya jamaa, badala ya kufurahiwa, mzee mmoja alimkemea: "Kula kwa mkono wa kulia!" Mtoto alikiacha kijiko siku nne. Waeleze wazee mapema, kwa adabu, kabla ya siku ya watu wengi: mkono huu hauwezi, na Mungu hamkalifishi mtu asiloliweza. Mkono wa kulia mpe kazi ya kusaidia, ushikilie bakuli, uzuie mkate. Na mtu asikushauri kumfunga ule mzima ili ule dhaifu ufanye kazi. Tiba ya namna hiyo ipo, lakini ina saa zake, umri wake na mtaalamu wa kuisimamia. Kumfunga mtoto kiholela ni kumtesa.

Hatua ya 6: Kuvaa, ukianzia mwisho

Sisi humfunza mtoto kuvaa kuanzia mwanzo: tafuta kichwa cha kanzu, ingiza. Anashindwa palepale, analia, tunammalizia. Geuza. Mfanyie yote, umwachie tendo la mwisho kabisa, ili kila mara amalize yeye.

Kwetu ilikuwa hivi. Nilimwingiza kichwa na mikono, nikaishusha kanzu hadi kiunoni. Kazi yake ilikuwa kuivuta ifike miguuni. Alifanya hivyo kila alasiri kabla ya kwenda chuo cha Kurani, kama siku kumi. Kisha nikaiacha kifuani. Kisha nikamwachia mkono wa kushoto autoe mwenyewe. Mwisho kabisa kichwa. Nilishona uzi mwekundu ndani ya kola ya nyuma ajue upande. Ilituchukua miezi minne, na siku aliyotoka chumbani amevaa kanzu peke yake ilikuwa imegeuka nyuma mbele, uzi mwekundu unaning'inia kidevuni. Alikwenda chuo hivyo hivyo. Sikuigusa.

Kanuni ya mkono dhaifu: unaingia kwanza wakati wa kuvaa, unatoka mwisho wakati wa kuvua. Mwenye kuyumba akae pembeni ya ukuta. Vifungo vya shati anza na cha chini, ambacho macho yanakiona. Sare ya shule mpe fundi cherehani ashone velkro nyuma ya vifungo kwa muda, ili asubuhi isiwe vita. Na mazoezi mengi yawe jioni, wakati wa kuvua. Kuvua ni kwepesi kuliko kuvaa, na hakuna gari la shule linalongoja.

Hatua ya 7: Kalamu

Mkono wa kuandika hujengwa jikoni kabla ya daftari. Achambue mchele, amenye njugu, akande donge la unga wa chapati, aminye ndimu, aanike nguo kwa vibanio. Kisha aandike mahali pa kusimama: mlango, ukuta, ubao, kwa chaki iliyovunjwa fupi. Chaki fupi haikubali kushikwa kwa ngumi, hivyo vidole vitatu hujipanga vyenyewe. Penseli nayo iwe kipande.

Watoto wetu wengi wana mzigo mwingine. Asubuhi shuleni wanaandika kutoka kushoto kwenda kulia. Alasiri chuoni wanaandika kutoka kulia kwenda kushoto. Mtoto mwenye shida ya mpangilio huchanganyikiwa, mwalimu akadhani ni uvivu. Dawa yake ndogo: daftari la shule lipigwe mstari wa kijani ukingo wa kushoto, la chuo ukingo wa kulia. Kijani ndipo pa kuanzia. Mwambie na ustadhi, na mwalimu wa darasa. Mtaalamu aweza kuandika barua ya kuomba akae mbele, apunguziwe kunakili ubaoni, na baadaye aombewe muda wa ziada kwenye mtihani wa taifa. Ombi hilo lianze mapema, shule ndiyo inayolipeleka.

Hatua ya 8: Kelele, joto na nguo

Mtoto anayeziba masikio, anayevua nguo hadharani, anayekataa kukanyaga mchanga, si lazima awe mtundu. Hisi zake huenda zinapokea mno. Andika daftarini ni nini kilitangulia. Kata lebo za nguo, mvalishe pamba iliyooshwa mara nyingi, na mwambie mapema mnakokwenda. Siku ya Idi mpatie chumba kimoja chenye utulivu cha kukimbilia. Mabembea na mikandamizo ya mwili ya kumtuliza itumike kama ilivyopangwa na mtaalamu, na ipimwe kwa swali moja: je, sasa anaweza kukaa kula, kulala, kusoma kuliko zamani? Kama hapana, badilisheni.

Hatua ya 9: Kijana aseme mwenyewe

Mtoto akibalehe, therapi nyingi hufa. Mama amechoka, kijana anaona haya kupelekwa chumba chenye michoro ya sungura. Kumbe ndipo kazi mpya inapoanza.

Kwanza, faragha. Nani anamwogesha? Weka kiti bafuni, kamba ya sabuni, kata yenye mpini mrefu, ili aoge mwenyewe japo nusu. Msichana afunzwe mambo ya hedhi kabla hayajafika, kwa picha au kwa mwanasesere, hatua moja moja: kutoa pedi, kubandika, kufunga iliyotumika, kuosha mikono. Ni kuanzia mwisho kulekule. Na afunzwe kusema "hapana" mtu akimgusa.

Pili, malengo ni yake. Mtaalamu wetu alimuuliza mwanangu ataje mambo anayotaka kuyafanya, kisha kila moja alipe alama kuanzia 1 hadi 10, analiweza kiasi gani na anaridhika kiasi gani. Mimi nilikuwa nimejiandaa kusema mwandiko. Yeye alisema: "Nataka kwenda dukani kwa mjomba Mwembe Tayari, peke yangu." Aliipa alama 1. Nilitaka kukataa pale pale. Mguu wake unaburura, na wanaoijua feri ya Likoni saa kumi na moja jioni wanajua ule msukumano kwenye mteremko.

Tuliigawa safari vipande. Kwanza tulifika feri Jumapili asubuhi, watu wachache, tukateremka hadi majini na kurudi bila kuvuka, akitafuta upande wenye chuma cha kushika. Wiki mbili hivyo. Kisha tukavuka na kurudi na feri ileile. Kwa waendao kwa miguu hakuna nauli, kwa hiyo mazoezi hayakutugharimu. Alijifunza kungoja wenye haraka wapite, ashuke nyuma yao. Kisha matatu: kuuliza nauli kabla ya kupanda, kuiweka mfuko wa kushoto, kusema "shukisha" kwa sauti ya kusikika. Tulifanya mazoezi sebuleni, dada yake akiwa makanga. Kisha akatangulia yeye, mimi nyuma hatua ishirini, nimejifunika mtandio asinione.

Sasa huvuka na binamu yake Jumamosi, saa nne asubuhi, na hupiga simu akifika upande wa pili. Juzi alijipa alama 6. Kilichobaki ni kuvuka bila binamu, nalo tumelipangia mwezi ujao, Jumapili ya kwanza, feri ya asubuhi.